Gari jeusi limepauka: nianze na kampaundi, nta au seramiki?

"Gari langu ni jeusi, lina miaka tisa na bado lina rangi ya kiwandani. Linashinda juani na kulala nje. Siku hizi limepauka, na likipigwa na jua naona mikwaruzo ya mviringo kama utando wa buibui mwili mzima. Kwenye boneti kuna alama mbili za kinyesi cha ndege ambazo hazitoki hata nisugue vipi, na paa limeanza kutoa mabaka meupe. Jirani ameniambia nilifute kwa mafuta ya taa halafu nipake nta. Mwingine anasema niweke seramiki, nitasahau habari za mikwaruzo. Nimeshanunua kopo la kampaundi na kopo la nta, lakini naogopa nisije nikaharibu zaidi. Je, naweza kuifanya kazi hii mwenyewe nyumbani, kwa mkono? Na nifuate mpangilio gani?"

Umefanya vyema kuuliza kabla ya kulifungua hilo kopo la kampaundi. Sehemu kubwa ya kazi unayoitaka inafanyika nyumbani: milango, fenda na boneti vitarudisha weusi wake, na mikwaruzo mingi itapungua. Paa ni habari nyingine, na alama za ndege huenda zikabaki kwa kiasi fulani. Nitaeleza kwa nini, maana ukishaelewa rangi ya gari imejengwaje, mpangilio wa kazi unakuja wenyewe.

Hicho unachokiona cheusi si kitu kimoja. Juu ya bati kuna praima inayopakwa kiwandani kwa umeme ili kuzuia kutu, juu yake praima ya pili ya kusawazisha, kisha rangi yenyewe, ambayo ni nyembamba kuliko wengi wanavyodhani. Mwisho linakuja tabaka angavu lisilo na rangi, ambalo mafundi huliita klia. Ukijumlisha yote, magari mengi yanatoka kiwandani na maikroni 90 hadi 150 za rangi (maikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita). Karatasi ya kawaida ya kuandikia ina maikroni 100 hivi. Ndani ya unene huo klia ina maikroni 35 hadi 50 tu, yaani nusu ya karatasi au pungufu. Mng'ao wote unatoka humo. Kinga dhidi ya jua nayo imo humo, kwa kuwa kemikali zinazomeza miale ya urujuanimno zimechanganywa ndani ya klia. Klia ikiisha, rangi iliyo chini haina wa kuitetea.

Kampaundi na polishi, hata ziwe na majina gani kwenye kopo, ni msasa laini uliochanganywa kwenye krimu. Haziongezi kitu kwenye gari, zinakata. Unaposugua, unaishusha klia mpaka uso wake ulingane na kina cha mkwaruzo, na hapo mkwaruzo unatoweka kwa sababu kingo zake hazipo tena. Polishi laini huondoa takribani maikroni 1 au pungufu kila unapoipitisha gari zima. Kampaundi kali inaweza kuondoa 3 hadi 5. Kilichokatwa hakirudi ila kwa kupiga rangi upya. Nta na seramiki, ambayo ni dawa ya majimaji inayopakwa ikaganda juu ya klia, hazikati, zinafunika tu. Kwa hiyo ichukulie klia kama akiba ambayo haiongezwi: kung'arisha ni kutumia akiba hiyo, kuosha vizuri na kufunika ni kuitunza. Gari la miaka tisa limeshatumia sehemu ya akiba yake, na wewe hujui ni kiasi gani. Ndiyo maana kopo la kampaundi lisubiri.

Tuje kwenye mikwaruzo yako ya buibui. Kwanza, si ya mviringo. Chukua tochi usiku, imulike boneti, kisha isogeze taratibu: utaona duara la mikwaruzo likiifuata taa kila uipelekapo. Mikwaruzo yenyewe imekwenda pande zote, ila ni ile tu iliyokatisha njia ya mwanga ndiyo inayourudisha machoni pako, na kwa pamoja inachora duara kuizunguka taa. Kila mkwaruzo ni mfereji mdogo ndani ya klia, na kingo zake zinatawanya mwanga. Hivyo gari jeusi linaonekana la kijivu juani ingawa weusi wake haujaenda popote. Mifereji hiyo mara nyingi huchimbwa wakati wa kuosha: sponji iliyobeba mchanga, kitambaa cha kufutia vumbi gari likiwa kavu, taulo lililoanguka chini likaokotwa na kuendelea na kazi.

Hapo ndipo mafuta ya taa yanapowadanganya watu. Yakiingia kwenye mifereji yanaijaza, mwanga unaacha kutawanyika, na gari linaonekana jipya papo hapo. Baada ya siku chache sehemu nyepesi ya mafuta imeshapotea hewani, utando uliobaki umekamata vumbi, na ukilifuta vumbi hilo unachimba mifereji mipya. Mafuta pia yanavimbisha raba za milango na madirisha, na nta haishiki vizuri juu yake. Dizeli ni hivyohivyo. Kazi halali ya mafuta ya taa kwenye bodi ni moja, kulainisha tone la lami: kitambaa kilicholoweshwa kidogo, kikae juu ya tone dakika moja, upanguse, uoshe kwa shampuu mara moja. Dawa ya meno, ambayo najua utaambiwa pia, ni kampaundi ambayo hujui ukali wake.

Na ahadi ya seramiki? Seramiki nzuri ni kinga nzuri sana ya jua, kemikali na uchafu. Lakini haizuii mikwaruzo ya kuosha. Unene wake ukishakauka ni kama maikroni 1, wakati mwingine chini ya hapo. Ile alama ya 9H kwenye chupa watu huisoma kana kwamba inakaribia ugumu wa almasi. Ukweli ni kwamba hicho ni kipimo cha penseli. Maana yake penseli ngumu kabisa ya kipimo hicho haikuuchora uso. Vumbi la barabarani lina chembe za mchanga wa kwatzi, ngumu kuliko penseli yoyote. Halafu seramiki hufungia kilicho chini yake: ukiipaka leo juu ya mikwaruzo na alama za ndege, utavihifadhi vyote kwa mwaka mmoja au miwili, na ukitaka kuvitoa itabidi uisugue seramiki yenyewe kwanza.

Anza na paa, kwa sababu jibu lake linaamua mengine. Osha eneo la baka, likauke. Pitisha ukucha taratibu kutoka sehemu nyeusi kwenda sehemu nyeupe. Ukucha ukikwama kwenye ukingo, au ukiona ngozi nyembamba imeinuka kama ya kitunguu, klia imebabuka. Jua limevunja mshiko wake na rangi ya chini, na hewa imeingia katikati. Hakuna polishi, nta wala seramiki inayoweza kuigundisha tena. Kwa mashine ya polishi utaimenya zaidi. Hata maji ya presha yakielekezwa kwenye ukingo huo yanainyanyua. Ukucha usipokwama, weka tone la polishi laini kwenye kitambaa cheupe usugue sehemu ndogo isiyoonekana. Kitambaa kikiwa cheusi, gari lako halina klia. Ni rangi ya tabaka moja, na weupe ule ni rangi ya juu iliyooza kwa jua. Hiyo inang'arishika vizuri ajabu, mradi uwe mpole. Kitambaa kikibaki bila weusi na baka halina ukingo, huenda ni chumvi ya maji iliyokaukia hapo au klia iliyoanza kuchoka, na polishi laini mara moja itakuonyesha ni ipi.

Kwa maelezo yako, yaani gari jeusi la miaka tisa linaloshinda nje, nadhani paa limefika kwenye kubabuka. Likiwa hivyo, lioshe kwa mkono mwepesi, lipake nta kupunguza kasi ya uharibifu, na usilisugue. Mengine yanayofuata yanahusu sehemu zilizobaki.

Kuosha ndiko kunakobeba uzito wa kazi nzima, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo. Tafuta kivuli, na bati liwe la baridi. Ukilishika kwa kiganja lisikuchome hata kidogo. Bati jeusi lililoshinda juani linaweza kupita nyuzi 70 za Selsiasi. Sabuni ikikaukia hapo inaacha alama, na klia yenyewe inakuwa laini. Andaa ndoo mbili za lita 15 hadi 20. Moja ina shampuu ya gari kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, nyingine maji matupu ya kusuuzia. Sabuni ya unga iache, ni kali mno. Ya vyombo inaweza kutumika mara hii moja tu, kwa sababu inapunguza nta ya zamani na leo ndicho tunachotaka. Kwa kuosha kwa kila wiki haifai. Badala ya sponji tumia glavu ya maikrofaiba yenye nyuzi ndefu. Uso wa sponji ni bapa, kwa hiyo chembe ya mchanga inabanwa kati yake na rangi na kuburutwa. Nyuzi ndefu zinaimeza chembe hiyo na kuiweka mbali na klia.

Osha magurudumu kwanza, kwa ndoo yake na brashi yake, maana vumbi la breki ni vipande vya chuma na halipaswi kugusana na rangi. Kisha mwagia gari lote maji mengi kwa mpira kabla hujaligusa, dakika nne au tano, ukishuka kutoka juu. Hiyo ndiyo nafasi ya kuondoa mchanga bila kuukwaruzisha. Kama unatumia mashine ya presha, kaa umbali wa sentimita 30 au zaidi na usiuelekeze mkondo kwenye ukingo wowote uliobanduka. Sasa glavu: paa, madirisha, boneti, milango nusu ya juu, kisha nusu za chini na bampa mwishoni kabisa, kwa sababu huko ndiko kuna mchanga mwingi. Nenda kwa mistari iliyonyooka, bila kukandamiza. Kila ukimaliza sehemu moja, ipeleke glavu kwenye ndoo ya maji matupu, ikamue mle ndani, ndipo uirudishe kwenye shampuu. Mwisho wa kazi tazama chini ya ndoo ya kusuuzia. Mchanga utakaouona umetulia pale ungekuwa umepita juu ya gari lako zima.

Usikaushe kwa kusugua. Tandaza taulo kubwa la maikrofaiba juu ya boneti na ulivute taratibu kuelekea kwako, au lipapase tu. Likianguka chini, halirudi kwenye gari mpaka lifuliwe.

Rangi iliyooshwa bado si safi. Vaa mfuko mwembamba wa plastiki mkononi na upitishe vidole juu ya boneti. Utahisi vinundu kama msasa, ambavyo vidole vitupu havivisikii. Hivyo ni vipande vya chuma kutoka breki vilivyojichoma kwenye klia, lami, utomvu wa miti na masizi. Ukipiga polishi juu yake, unavingoa na kuvizungusha chini ya pedi. Lami itoe kwanza. Kisha nyunyiza dawa ya kuondoa chembe za chuma, ile inayogeuka zambarau ikikutana na chuma, ukiwa kivulini, umevaa glavu za mpira, na penye hewa kwa sababu inanuka vikali. Iache dakika tatu hadi tano, isikauke, suuza sana. Kinachobaki kinatolewa na klei, udongo laini maalumu wa kusafishia rangi. Kipande cha gramu 50 kinatosha gari zima. Kifinyange kiwe bapa, nyunyiza maji yenye shampuu kidogo kwenye rangi, uteleze klei kwa vidole vitatu bila nguvu, mbele na nyuma. Mwanzoni utaisikia ikikwaruza na kugoma. Inapoanza kuteleza kimya, hapo ni safi. Ikunje upate uso mpya mara kwa mara. Ikianguka chini itupe, hata kama ni mpya, maana mchanga ulioingia hautoki. Klei yenyewe huacha ukungu kidogo kwenye rangi nyeusi, kwa hiyo si ya kila wiki. Mara moja kabla ya kung'arisha inatosha, labda mara moja au mbili kwa mwaka.

Alama za ndege nizieleze hapa. Wengi hudhani ni tindikali tu iliyochoma rangi. Tindikali ipo, lakini kuna zaidi. Kinyesi kikikauka kinasinyaa na kujikaza, na jua likiwa limeilainisha klia, nayo inavutwa pamoja nacho. Jua likizama klia inakaa hivyohivyo, imekunjamana. Ndiyo maana kusugua hakukusaidia: hakuna doa la kuondoa, ni bonde. Bonde lenye kina kidogo litapungua kwa polishi. Lenye kina kirefu litabaki, na ni afadhali libaki kuliko kukata klia yote iliyolizunguka ili kulifikia. Kuanzia sasa, ukikuta kinyesi kibichi au kikavu, weka juu yake kitambaa kilicholowa maji ya shampuu, subiri dakika kumi, kisha kinyanyue kwenda juu. Usikiburute, kwa sababu mara nyingi kina mbegu na mchanga ndani. Madoa meupe ya chumvi ya maji hujaribiwa kwa siki nyeupe iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, bati likiwa baridi, dakika mbili au tatu, kisha maji mengi.

Gari likiwa safi na kavu, funika kwa tepu ya karatasi raba, plastiki nyeusi zisizopakwa rangi, na kingo kali za boneti na milango. Plastiki hizo zikiguswa na polishi hubaki na weupe unaosumbua kutoka. Kwenye kingo sababu ni nyingine: rangi ikiwa mbichi hukimbia ncha kali na kujikusanya pembeni, hivyo klia ya ukingoni ni nyembamba kuliko ya katikati. Wanaotoboa rangi kwa kusugua, mara nyingi hutoboa hapo.

Sasa nunua polishi laini ya kumalizia. Kampaundi yako iweke mbali. Hiyo hutengenezwa hasa kwa kufuta alama za msasa, na kwa mkono kwenye rangi nyeusi itakuachia mikwaruzo mipya migumu kuliko ile ya zamani. Pima eneo la jaribio kwenye boneti, sentimita 40 kwa 40, na ujifunzie hapo kabla ya kugusa kwingine. Kwa mkono, chukua pedi ya povu, weka matone manne ya ukubwa wa punje ya dengu, tandaza, kisha sugua kwa mistari ya kwenda mbele na nyuma halafu ya kukatiza, kwa mkandamizo wa wastani, dakika moja na nusu hadi mbili. Usizungushe. Futa kwa maikrofaiba safi, mulika kwa tochi. Hata kama matokeo hayakukuridhisha, rudia mara moja tu.

Niwe mkweli kwako kuhusu mkono. Klia za siku hizi ni ngumu. Kwa mkono utarudisha weusi na mng'ao, na utapunguza mikwaruzo mepesi zaidi, lakini mingi ya buibui itabaki. Ikiwa hilo linakutosha, na kwa gari la kila siku linalolala nje mimi naona linatosha, ishia hapo na ufurahie. Ukitaka zaidi, azima au nunua mashine ya polishi ambayo pedi yake inazunguka huku ikitikisika kwa wakati mmoja. Hiyo inasamehe makosa. Ile inayozunguka tu kwa nguvu, kama grainda, iache kwa mafundi, kwa sababu ikitulia sehemu moja sekunde chache joto linachoma klia. Ukiwa na mashine inayotikisika, tumia pedi laini, kasi ya kati, matone manne, eneo la sentimita 50 kwa 50. Isogeze polepole, sentimita 2 hadi 3 kwa sekunde, kila mstari ukifunika nusu ya uliotangulia, mara nne hadi sita. Safisha pedi kwa brashi baada ya kila eneo. Shika bati kila mara: likiwa vuguvugu ni sawa, likiwa moto simama. Kwenye bampa punguza kasi na mkandamizo, maana plastiki haipitishi joto kama bati, kwa hiyo joto linarundikana kwenye rangi.

Kuna mtego hapa unaowakuta wengi. Polishi nyingi zina mafuta, na mafuta hayo yanajaza mikwaruzo kama yale ya taa. Gari linapendeza jioni, wiki ya pili mikwaruzo imerudi. Kwa hiyo kila ukimaliza eneo, lipanguse kwa alkoholi ya isopropili ya asilimia 70 iliyochanganywa na maji safi kiasi sawa. Inyunyize kwenye kitambaa, mbali na moto, penye hewa. Utakachokiona baada ya hapo ndicho hali halisi. Hatua hiyohiyo pia inaandaa uso kushika kinga.

Kuhusu kinga, nta yako uliyonunua inafaa na si ya kutupa. Nta ya asili, ile ya karnauba inayotokana na majani ya mtende wa Brazil, inatoa mng'ao wenye kina juu ya rangi nyeusi, ila kwa gari la juani hudumu wiki nne hadi nane. Nta ya kutengenezwa, inayouzwa kwa jina la silanti, hudumu miezi minne hadi sita, na kwa hali yako ndiyo ningeichagua nta yako ikiisha. Vyovyote vile, kosa kubwa ni kupaka nene. Kinachofanya kazi ni utando mwembamba ulioshika rangi. Ziada yote unaifuta. Paka sehemu moja moja, subiri dakika tano hadi kumi, pitisha kidole: kikiacha njia safi bila kupaka ukungu, futa. Ukiona inagoma kufutika, umepaka nene au bati lilikuwa na moto.

Seramiki ifikirie kama una mahali penye paa, pasipo vumbi, kwa siku nzima na usiku wake. Inapakwa kidogo kidogo, unasubiri dakika moja hadi tatu kadiri ya maelezo mpaka uone rangi za upinde wa mvua zikitokea, unafuta kwa kitambaa kimoja kisha cha pili. Ukiacha sehemu bila kuifuta sawasawa, inaganda ndani ya saa chache kama doa jeusi la mafuta, na linatoka kwa polishi tu. Inahitaji saa 24 bila maji na wiki moja bila shampuu. Wewe unayelaza gari nje, umande wa usiku wa kwanza utakuharibia. Silanti haina masharti hayo.

Kifuniko cha gari nacho kina sharti lake: juu ya gari lenye vumbi, upepo ukikitikisa, ni msasa wa mita kadhaa za mraba. Kitumie juu ya gari lililooshwa tu. Vitambaa vya maikrofaiba fua peke yake, bila nguo za pamba na bila dawa ya kulainisha nguo, ambayo inaziba nyuzi.

Utakapokuwa ukisugua utagundua pia vidoa vya mawe, yaani vishimo vilivyobanduliwa na mawe ya barabarani, kwenye pua ya boneti. Vishughulikie kabla ya nta. Namba ya rangi ya gari lako ipo kwenye kibandiko au bamba, mara nyingi kwenye fremu ya mlango wa dereva au chini ya boneti. Panguza kidoa kwa alkoholi. Kama kuna kutu, ikwangue kwa ncha ya msasa namba 800 uliokunjwa mpaka uone chuma cheupe, gusa kwa praima, subiri ikauke. Kisha weka tone la rangi kwa ncha ya kijiti cha meno na uliache lijitandaze lenyewe ndani ya shimo. Matone mawili au matatu membamba, saa moja kati yake, halafu klia. Litaonekana ukisogea karibu. Lakini kutu imezuiwa, na ndiyo shabaha.

Nenda kwa fundi rangi kama ukucha unakwama ndani ya mkwaruzo, kama rangi imevimba kama lengelenge (kutu iko chini yake, imeshatembea mbali kuliko unavyoiona), na kwa hilo paa kama jaribio la ukucha limethibitisha kubabuka. Usijaribu kulipuliza mwenyewe kwa klia ya kuchanganya na hadina, yaani kemikali ya kuigandisha. Hadina hizo zina isosayaneti, zinazoweza kuyadhuru mapafu kwa kudumu, na barakoa ya vumbi haizuii mvuke wake. Klia ya kopo isiyo na hadina haina hatari hiyo, ila ni dhaifu kwa petroli na jua, na paa ndilo linalopigwa na jua kuliko sehemu nyingine zote.

Ukifika, mwombe akupimie unene wa rangi kwa kipimo chake, kwenye milango na boneti pia. Namba kati ya 90 na 150 inaashiria rangi ya kiwandani. Ikipita 200 sana, sehemu hiyo imeshapigwa rangi. Ikishuka chini ya 80, hapo usiguse tena kwa polishi ya aina yoyote. Ziandike namba hizo, ndizo zitakazokuambia mwaka ujao kama una klia ya kutumia. Kuhusu paa muulize jambo moja: ataikwangua klia yote iliyochoka mpaka kwenye uso imara, apige rangi kisha klia, au atapuliza klia mpya juu ya iliyopo? Akisema atapuliza juu yake baada ya kusugua juu juu, tafuta mwingine. Klia mpya itaishika ile ya zamani, na ya zamani ikiachia, zinaondoka pamoja.